Koo Likiuma, Usingoje Kesho

Msikilizaji, leo tunazungumzia klozapini, dawa anayopewa mgonjwa wa skizofrenia pale dawa nyingine zinapogonga mwamba. Inasaidia sana. Ila kwa wachache, hawafiki mmoja katika kila mia, hushusha mno chembe nyeupe za damu, zile askari wa mwili. Hapo hata maambukizi madogo ya koo yaweza kuua.

Sikutishi. Mwaka 1975 huko Finland wagonjwa 8 walifariki hivyo, na dawa ikaondolewa katika nchi kadhaa. Iliporuhusiwa Marekani mwaka 1989, ilikuja na sharti: damu ipimwe kila wiki. Hatari ni kubwa zaidi katika wiki 18 za mwanzo, kwa hiyo vipimo vya wiki hizo msivikose, hata kama nauli inauma.

Nawe unayemuuguza: ukiona homa, koo linauma au vidonda mdomoni, usimpe panadoli mkalala. Mpeleke hospitali siku hiyohiyo, beba pakiti ya dawa, useme wazi: "Anatumia klozapini, mpimeni damu." Asiiache dawa kwa uamuzi wake, hilo ni la daktari.