Kuwahi si Kuharakisha: Dhana ya "Wakati Halisi" katika Istilahi za Kompyuta



1.0 Utangulizi

Mhadhara huu unahusu istilahi moja, "wakati halisi", inayotumika kueleza mifumo ya kompyuta ambayo usahihi wake hupimwa pia kwa muda. Anayekutana nayo kwa mara ya kwanza huelekea kudhani kuwa inamaanisha kasi. Dhana hiyo ni potofu, na upotofu wake huanzia katika lugha kabla ya kufika kwenye mashine.

2.0 Mfano wa Isongole

Na achukuliwe mkulima wa kahawa wa Isongole, wilayani Ileje, mpakani mwa Tanzania na Malawi, anayezungumza kwa simu na mnunuzi aliye Tunduma. Anasema: "Kwa bei hiyo sitauza." Katika simu ya GSM sauti hukatwa vipande vya milisekunde 20, na kila kipande hakina budi kuwa tayari kabla ya zamu yake ya kusikika. Kinachochelewa hutupwa, hata kikiwa kizima, kwa kuwa mazungumzo yamekwisha kusonga mbele. Vipande vilivyobeba silabi "si" vikipotea, mnunuzi husikia "tauza", na akili yake hukamilisha "nitauza". Ukanushi umegeuka kuwa ukubali.

Kwa hiyo, jibu sahihi lililochelewa ni kosa. Mfumo wa polepole usiovuka ukomo hata mara moja unafaa kwa kazi hii. Mfumo wenye kasi kubwa unaokwama mara chache haufai.

3.0 Foleni, Zamu na Kipaumbele

Mfumo endeshi ndio unaoamua ni mchakato upi utumie kichakato na kwa muda gani. Mwaka 1993 POSIX, kiwango cha IEEE, kilipanuliwa ili kuhusisha wakati halisi. Kinaeleza taratibu mbili ambazo Kiswahili kina majina yake tayari. Katika utaratibu wa foleni, mchakato uliotangulia hushika kichakato mpaka umalize, usimame wenyewe kungoja kitu, au upishe wenye kipaumbele cha juu zaidi. Katika utaratibu wa zamu, michakato yenye kipaumbele sawa hupokezana kwa vipindi vilivyopimwa. Kiwango hicho kinadai ngazi za kipaumbele zisizopungua 32.

Hata hivyo, kipaumbele peke yake hakitoshi. Baada ya chombo cha Mars Pathfinder kutua Mirihi mwezi Julai 1997, kompyuta yake ilijizima na kujiwasha tena mara kadhaa. Mchakato wa ngazi ya chini ulikuwa umeshika kufuli lililongojwa na mchakato wa ngazi ya juu, na ule wa ngazi ya kati ukajipenyeza na kuuzuia ule wa chini usimalize. Tiba ilikuwa urithi wa kipaumbele: mwenye kufuli huazimwa hadhi ya anayemngoja, hadi aliachie.

4.0 Ahadi ya Usanifu

POSIX huhakikisha kwamba jina moja lina maana moja, ili programu iweze kuhama kutoka mfumo mmoja hadi mwingine. Hakiahidi kwamba kila mfumo unaokizingatia utatimiza ukomo wa kila kazi. Linux iliongezewa utaratibu unaofuata ukomo mwaka 2014, nje ya kiwango hicho, na marekebisho yake makuu ya wakati halisi yalikamilishwa ndani ya kiini chake mwaka 2024.

Ndivyo kilivyo Kiswahili sanifu, ambacho msingi wake, Kiunguja, uliteuliwa Mombasa mwaka 1928. Humwezesha msemaji wa Kindali na Mzanzibari kusoma maandishi yaleyale; hakithibitishi kwamba ujumbe umefika.

5.0 Hitimisho

Kiswahili kina kitenzi "kuwahi". Aliyewahi basi huenda alitembea taratibu lakini aliondoka mapema. Aliyekimbia huenda akalikosa. Inapendekezwa, basi, kwamba BAKITA na TATAKI watafakari "mifumo ya kuwahi" kando ya "wakati halisi". Ni kweli kwamba kitenzi hicho kina maana nyingine, kama katika "amewahi kufika", lakini muktadha huzitenganisha.

Suala hili si la maneno matupu. Mwanafunzi aliyefundishwa kwamba wakati halisi ni kasi atatafuta mashine yenye kasi zaidi, na "si" ya mkulima itaendelea kupotea njiani.