Umri wa Mtangazaji na Kiambishi "-ka-"



Mwaka 1979, nikiwa kijana Kolandoto, mkoani Shinyanga, tuliizunguka redio ya betri kuufuata mchezo wa Ndola. Taifa Stars ilitoka sare ya 1–1 na Zambia, na bao la Peter Tino likatupeleka Lagos, katika fainali za Mataifa ya Afrika za 1980. Uwanja hatukuuona, tuliujenga kwa maneno ya mtangazaji.

Mpira unapochezwa, mtangazaji hutumia "-na-": anapokea, anageuka, anapiga. Kijana mwepesi wa ulimi huliweza hilo. Mpira ukitoka nje, hupatikana nafasi ya "-ka-": alipokea, akageuka, akapiga. Hapo mtangazaji huwa msimulizi, na msimulizi hudaiwa kumbukumbu. Taifa Stars iliporejea katika fainali hizo mwaka 2019, baada ya miaka 39, kijana aliweza kuisoma tarehe ya Ndola. Aliyekuwa hai siku ile aliweza kutusimulia jinsi tulivyoshusha pumzi.

Sisemi kwamba uzee ni ufundi. Mzee arudiaye kisa kimoja kila wiki huchosha. Lakini mwaka 2025 walifariki Leonard Mambo Mbotela wa Kenya na Charles Hilary wa Tanzania, na kila sauti ya namna hiyo huondoka na visa visivyoandikwa popote. Basi vituo vyetu viwaketishe kijana na mzee pamoja, "-na-" na "-ka-" zisikike katika tangazo moja.