Ukuta wa Mtu Mmoja Hauzuii Bahari

Hotuba ya mwenezi wa tawi kwa wakazi wa pwani ya Kunduchi, Dar es Salaam



Mmenialika niseme juu ya chama cha wakazi mnachotaka kukiunda. Nashukuru. Mimi nilisomea ualimu, na mwalimu hupenda kuanza kwa swali. Swali langu ni hili: chama hiki kitakuwa cha nani? Nimesikia wengine wakisema kiwe cha wenye nyumba tu, kwa kuwa wao ndio wenye hati. Naomba tulipime neno hilo kabla ya kuandika katiba.

Kwanza tuitazame shida yenyewe. Bahari inakula pwani yetu, wala haikuanza jana. Tangu miaka ya 1970 ufuko wa Kunduchi umekuwa ukiliwa, na majengo yaliyokuwa karibu na maji yamebomoka. Kwa nini? Mchanga wa pwani hauzaliwi baharini peke yake. Mwingi huletwa na mito, kama Tegeta na Mbezi, kisha mawimbi huutandaza. Ukichimbwa mtoni na kupakiwa katika malori ya ujenzi, pwani hukosa chakula chake. Huko nje mwamba wa matumbawe ndio unaovunja nguvu ya mawimbi. Ukipasuliwa kwa baruti, au ukichimbwa kwa kuchoma chokaa, wimbi hutufikia na ukali wake wote. Na mikoko ikikatwa, udongo hauna wa kuushika.

Sasa mwenye uwezo hufanya nini? Hujenga ukuta wake. Lakini mchanga husafiri kando ya pwani; ukuta ukiuzuia kwangu, kwa jirani haufiki. Jirani naye hujenga, na wa tatu naye hujenga, na yule asiye na saruji ndiye anayeliwa. Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Hapa pwani mtu hujenga ukuta, na ufa ukahamia kwa jirani!

Ndugu zangu, shida ya namna hii haitatuliwi na wenye hati peke yao. Ni nani ajuaye maji ya bamvua hufika wapi mwaka huu kuliko mwaka jana? Ni mvuvi. Ni nani anayeumia njia ya kwenda diko ikizibwa? Ni mama mkaanga samaki na mpangaji, maana mwenye nyumba ya ufukweni ana lango lake mwenyewe. Mkiwafungia hawa mlango wa chama, mtakwenda kudai haki ya pwani bila ya watu wa pwani.

Na haki hiyo ipo. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 yasema kwamba ardhi yote ni mali ya umma, na Rais ni mdhamini wake. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, katika kifungu cha 57, yakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Lakini sheria haina miguu. Hutembea pale watu wanapoichukua.

Tukumbuke pia mji huu ulivyokuwa. Wakati wa ukoloni pwani nzuri ya Oyster Bay ilikuwa makao ya Wazungu, na Mwafrika mahali pake palikuwa Kariakoo. Kanuni za ujenzi zilitosha kumweka maskini mbali na upepo wa bahari. Mwaka 1961 tulipata Uhuru. Itakuwa aibu ikiwa kazi ile ya kanuni za mkoloni sasa itafanywa na ukuta wa tajiri, awe ni ndugu yetu au mgeni.

Basi nashauri mambo manne. La kwanza, kila mkazi mtu mzima awe mwanachama, mwenye nyumba na mpangaji, na kura zao ziwe sawa. La pili, hesabu za fedha zisomwe hadharani katika kila mkutano, kwa maana chama hufa siku mtunza fedha anapoanza kunong'ona. La tatu, chagueni mti au nguzo isiyohama, mpime kwa kamba toka hapo hadi maji yanapofika kila bamvua, mwandike katika daftari pamoja na tarehe. Daftari hilo mlipeleke kwa serikali ya mtaa na Manispaa ya Kinondoni. Malalamiko ya mdomo husahauliwa. Vipimo vya mwaka mzima ni vigumu kuvikataa.

La nne ndilo zito: kila mmoja wetu aanze kwake. Mvuvi akatae baruti, naye ajue mpigaji baruti ni nani. Mwenye nyumba aulize mchanga wa matofali yake umetoka mto gani, na kabla ya kujenga ukuta awaulize majirani. Asiyekubali kupoteza kitu asitegemee kuokolewa na chama.

Kesho kutwa mtaandika katiba. Katika kifungu cha uanachama, lisiandikwe neno "hati." Andikeni "mkazi."