Lini Tuongeze Majani Juu ya Matuta

Leo twataka kusema nanyi juu ya kazi ambayo wengi huifanya mara moja, kisha wakaisahau, nayo ni kufunika udongo wa bustani kwa majani makavu. Tumechagua majani ya msonobari, mti ambao wengi huuita paini, kwa kuwa ni mengi katika nyanda za juu, na kwa kuwa husingiziwa mabaya yasiyo yake.

Aina ya msonobari iliyopandwa sana kwetu asili yake ni Mexico. Huko Sao Hill, wilaya ya Mufindi, liko shamba la miti la serikali lililo kubwa kuliko yote ya Tanzania. Na Shume, katika milima ya Usambara, liko jingine. Chini ya miti hiyo majani membamba kama sindano huanguka na kulala kama mkeka. Katika majimbo ya kusini ya Marekani watu huyakusanya, wakayafunga mabunda na kuyauza kwa wenye bustani. Nao Wahaya wa Bukoba, ambao hawakungoja kufundishwa na mtu, tangu zamani hukata majani ya rweya wakafunika vibanja vyao vya migomba. Majani ni mbalimbali, lakini kazi ni moja.

Udongo ulio wazi hupata adhabu mbili. Wakati wa kiangazi jua huufyonza maji yake. Wakati wa mvua matone huupiga, chembe zake zikavunjika na kuziba vitundu vya juu, na maji yakikosa pa kuingia huteremka bondeni pamoja na udongo wenyewe. Majani ya paini huzuia yote mawili, tena yana sifa ya pekee: sindano zake hushikana zenyewe kwa zenyewe, kwa hiyo hata kwenye mteremko hazichukuliwi upesi na maji wala upepo. Wala hazigandamani kama majani mapana, bali huacha nafasi mvua ipenye.

Lakini mkeka huo haudumu. Kwa chini huoza, kwa juu hukandamizwa, na kuku nao hawaachi kuupekua. Uliotandazwa kwa unene wa inchi 3 au 4 huenda baada ya mwaka ukawa inchi moja na nusu tu. Basi tusihukumu kwa rangi. Majani mekundu yakigeuka kuwa ya kijivu, hiyo ni kazi ya jua, si dalili ya kuwa yamekwisha nguvu. Ingiza kidole mpaka kiguse udongo. Ukiona unene umepungua chini ya inchi 2, au magugu yameanza kupenya, au udongo waonekana hapa na pale, wakati wa kuongeza umefika.

Na wakati ulio bora ni upi? Hapa ndipo wengi hukosea. Huongoja hata mwezi wa Agosti, mboga zikiwa zimenyauka, ndipo wakaenda kutafuta majani. Majani hayaleti maji, hulinda yaliyomo. Ukifunika udongo mkavu, utakuwa umefunika ukavu, na manyunyu machache yatakayokuja yataishia juu ya majani. Huko Mufindi mvua huelekea kwisha mwezi wa Aprili na Mei. Basi ongeza wakati huo, udongo ungali umeloa. Mwenye kupandisha madebe ya maji kutoka bondeni kwa kichwa atafahamu upesi faida yake. Kisha tazama tena mwezi wa Oktoba au Novemba, kabla mvua za kwanza hazijapiga, ukazibe mahali palipo wazi.

Hakuna haja ya kuondoa majani ya zamani, isipokuwa mazao yalikuwa na ugonjwa. Yalegeze kidogo kwa reki, uongeze mapya juu yake. Tuta la futi 10 kwa futi 4 lahitaji gunia moja hivi la kuongezea. La kuanzia ni magunia mawili au matatu yasiyoshindiliwa. Acha nafasi ya vidole vinne kuzunguka shina la kila mmea, maana shina lililofunikwa huoza. Penye mbegu ndogo kama za karoti usifunike mpaka zimeota. Na usiyachimbie udongoni majani yaliyo mabichi au makavu mapya. Yakioza humo hutumia chakula ambacho mboga zingekipata. Yaache juu, ardhi itayala polepole.

Sasa lile la kusingiziwa. Husemwa kwamba majani ya paini hutia udongo uchachu hata usizae. Ni kweli kwamba yaliyoanguka sasa hivi yana uchachu, lakini huupoteza kadiri yanavyooza, na tandazo la inchi 3 haliwezi kuugeuza udongo wa bustani. Ambako udongo tayari ni mchachu, kama ulivyo mwingi wa nyanda za juu, dawa ni chokaa.

Jambo la kuogopwa kweli ni moto. Majani haya hushika moto upesi kuliko majani mengi, na miezi ya Septemba na Oktoba ndiyo ya kuchoma mashamba. Usiyatandaze karibu na ukuta wa nyumba wala jiko. Mboga za nyuma ya jiko zifunikeni kwa majani ya migomba. Tena msikwangue msitu mpaka ardhi ikawa tupu, kwa kuwa miti nayo hula humo. Mwombeni ruhusa bwana miti, mkachukue tabaka la juu tu, lililo kavu na jekundu, mkaache chini lile jeusi lililokwisha kuoza.