Nakala Sahihi Ni Ipi?

Maabara mbili zinazofanya utafiti mmoja zikiwa katika miji tofauti mara nyingi huunganishwa na kitu kimoja tu: faili la Excel linalokwenda na kurudi kwa baruapepe. Huyu anaongeza safu, yule anarekebisha tarakimu, na baada ya mwezi zipo nakala saba na hakuna awezaye kuapa kuwa hii ndiyo sahihi. Utaratibu huu unaharibu sayansi, na ushahidi upo. Mwaka 2016 watafiti wa Melbourne, Australia, walichunguza makala za kisayansi zilizoambatanishwa na orodha za jeni za Excel, wakakuta takriban moja katika kila tano ina majina yaliyoharibika. Jeni iliyoitwa SEPT2, kwa mfano, programu iliigeuza kuwa tarehe 2 Septemba bila kumwuliza mtu. Mwaka 2020 kamati ya majina ya jeni za binadamu ikaona heri kuzibadilishia majina jeni za namna hiyo. Oktoba mwaka huohuo, Uingereza iligundua kuwa wagonjwa 15,841 wa korona hawakuhesabiwa kwa wakati, kwa sababu faili la Excel la muundo wa zamani lilijaa na safu zilizozidi zikaachwa nje. Watu waliokutana na wagonjwa hao walichelewa kutafutwa, na kwa ugonjwa wa kuambukiza siku chache ni nyingi mno.

Kasoro ninayoiona ni kwamba faili la namna hii halina kumbukumbu. Haliwezi kusema limepoteza nini, lini, mikononi mwa nani. Dawa yake ipo tangu 2005, nayo ni programu iitwayo Git. Linus Torvalds, mwanzilishi wa mfumo endeshi wa Linux, aliiandika ndani ya siku chache, baada ya kampuni iliyokuwa na programu waliyoitegemea watengenezaji wa Linux kuwaondolea ruhusa ya kuitumia bure. Tukio hilo lenyewe ni fundisho kwa wanaosema tutosheke na vifaa vya bure vya makampuni makubwa: cha kupewa hunyang'anywa. Git ni programu huria. Kila badiliko huandikwa pamoja na jina na saa, na ya jana hurejeshwa ikihitajika.

Nitaambiwa intaneti yetu si ya kuaminika. Ni kweli, Mei 2024 mikongo ya chini ya bahari ilikatika, na Afrika Mashariki ikahangaika. Lakini Git huweka historia yote katika kila kompyuta. Mtafiti wa Ifakara anaweza kufanya kazi wiki nzima bila mtandao, kisha akaunganisha kazi yake na ya mwenzake wa Kilifi siku utakaporudi.

Hoja nzito zaidi ni hofu ya kuporwa, na sitaipuuza, maana sampuli na takwimu za Afrika zimeondoka mara nyingi bila majina ya waliozikusanya. Ila kushirikiana si kuanika hadharani. Seva ya kuunganishia kazi hizo inaweza kukaa katika taasisi yetu wenyewe, taarifa za wagonjwa zikabaki palepale, kikazunguka kile kinachoonyesha hatua za uchambuzi. Tena faili la baruapepe ndilo linalomficha mnyonge: mtafiti kijana akisahihisha kosa, sahihisho lake humezwa na nakala inayofuata. Palipo na historia, kazi yake ina jina na tarehe, na siku ya kupanga majina ya waandishi wa makala atakuwa na cha kuonyesha.

Gharama iliyobaki ni ya watu. Kujifunza kifaa hiki kunachosha mwanzoni, na seva inahitaji mtu wa kuitunza kila siku. Mtu huyo alipwe mshahara katika bajeti ya utafiti kama anavyolipwa fundi wa maabara, na mkataba wa ushirikiano useme, kabla sampuli ya kwanza haijachukuliwa, seva itakaa wapi na nani ana ruhusa ya kuingia.