Taarifa, Sio Maombi

Haya ndiyo niliyozungumza kwenye kikao cha vijana, Mbagala, Jumamosi iliyopita. Wengi mliniomba niyaandike, basi nayaweka hapa.

Mwenyekiti, katibu, mama zetu mliotuazima viti, vijana wenzangu wa Temeke, na nyie mliopanda daladala mbili kutoka Kinondoni: wakubwa shikamooni, wengine mambo vipi.

Kuna swali tunaulizwa kila siku kijiweni: "Hivi chama chenu kina wabunge wangapi?" Ukijibu, wanacheka. Juzi konda kaona kofia yangu, akasema, "Dada, nyie wote si mnaenea kwenye Hiace moja?" Gari zima likacheka. Nami nikacheka, lakini iliniuma.

Leo nitamjibu kwa kesi. Mnisamehe, ndicho ninachosoma.

Mwaka 1993 marehemu Mchungaji Christopher Mtikila alifungua kesi Mahakama Kuu, Dodoma. Chama chake, DP, hakikuwa kidogo tu, hakikuwa hata na usajili. Kilikuja kuupata 2002. Vyama vingi vilisharudi tangu 1992, lakini ukitaka mkutano wa hadhara unaomba kibali kwa mkuu wa wilaya. Huyo anateuliwa na Rais, na Rais ndiye mwenyekiti wa chama tawala. Yaani Simba waombe ruhusa ya kuingia uwanjani kwa kocha wa Yanga!

Mwaka 1994 Jaji Lugakingira akasema hapana, kibali hicho kinavunja haki ya kukusanyika iliyo kwenye ibara ya 20 ya Katiba. Leo sheria inataka taarifa ya maandishi kwa polisi, angalau saa 48 kabla. Taarifa jamani, sio maombi. Polisi wanaweza kuzuia, tusidanganyane, lakini lazima wawe na sababu ya kiusalama.

Mtikila simfanyi malaika. Maneno yake dhidi ya Watanzania wenye asili ya Asia yalikuwa mabaya, na mimi siyatetei. Mwaka 2005 aligombea urais, hakufikisha hata asilimia moja ya kura. Lakini haki aliyoidai mahakamani wameitumia wote, hata waliokuwa wanamcheka.

Kushinda kesi nako hakutoshi. Kwenye hukumu ileile alishinda suala la mgombea binafsi, Bunge likabadili Katiba. Akashinda tena 2006, Mahakama ya Rufani ikatengua 2010. Juni 2013 Mahakama ya Afrika, Arusha, ikampa haki. Alifariki Oktoba 2015, na mpaka leo bila chama hugombei.

Na mikutano je? Mwaka 2016 ilizuiwa kwa tamko la mdomo, kile kifungu cha taarifa kikiwa palepale kitabuni. Zuio likaondolewa Januari 2023. Mimi 2016 nilikuwa binti mdogo wa sekondari. Nimekua nikiamini kwamba mkutano wa upinzani ni kosa la jinai, kama wizi.

Sasa niseme kilichonileta hapa. Mwezi uliopita mnakumbuka tulipanga viti, akaja mtu mmoja na simu mkononi, akasema, "Hamna kibali." Hakujitambulisha, hakuonyesha karatasi. Tukakunja viti. Na mimi nilikunja, tena niliwahi kuliko nyie. Sheria naijua, mtihani wake nimeufaulu, lakini siku ile mdomo ulikuwa mzito. Usiku sikulala. Nilijiuliza, hii sheria naisomea nini?

Basi tufanye hivi. Barua tuandike nakala mbili, moja ibaki kwao, nyingine igongwe muhuri irudi kwetu. Wakizuia, tuombe sababu kwa maandishi, kwa adabu, bila matusi wala kurushiana mawe. Karatasi hiyo ndiyo tutakayoenda nayo mahakamani ikibidi. Akija tena mtu wa simu, tumuulize jina, cheo na kifungu anachotumia.

Konda yule hakukosea sana, pengine kweli tunaenea kwenye Hiace. Lakini barua moja haihitaji hata Hiace.

Jumatatu naipeleka mwenyewe kituoni, saa tatu asubuhi. Nahitaji wawili wa kunisindikiza. Nani anakuja?