Miguu ya Daraja
Hotuba iliyosomwa mbele ya wanachama wa Bukoba na Muleba



Tumepewa heshima ya kusema machache juu ya madaraja. Huenda mtu akauliza, makarani na madaraja ni wapi na wapi? Sisi hatupimi nchi wala hatuchanganyi saruji. Kazi yetu ni kalamu na faili. Jibu letu ni kwamba fundi hulijenga daraja kwa mwaka mmoja au miwili, akaenda zake. Kulitunza ni kazi ya miaka hamsini na zaidi, nayo huanzia kwa mtu aliyeona jambo na kuliandika.

Kwanza na tutazame daraja ni kitu gani. Daraja la zamani kabisa bila shaka lilikuwa gogo lililolazwa juu ya kijito, nasi hata leo twayavuka magogo ya namna hiyo mabondeni. Ukisimama katikati ya gogo, hupinda kidogo: upande wake wa juu hubanwa, na upande wa chini huvutwa. Huo ndio msingi wa elimu ya boriti. Zege ni ndugu ya jiwe. Hustahimili sana kubanwa, walakini ikivutwa hupasuka upesi. Kwa hiyo mafundi hulaza nondo za chuma upande wa chini, ili chuma ichukue mvuto na zege ichukue mbano.

Njia ya pili ni tao. Katika tao kila jiwe hubanwa na jirani yake, na uzito wote hushukia pande mbili hata ukingoni, bila haja ya chuma. Warumi wa kale walijenga hivyo, na baadhi ya matao yao yangali yamesimama baada ya miaka yapata 2,000. Wala elimu hiyo haikufa. Katika miaka hii madaraja ya matao ya mawe yamejengwa vijijini katika Uganda ya magharibi, na kwa jirani zetu wa Kigoma, kwa mawe ya papo hapo na mikono ya wenyeji, tena kwa gharama ndogo kuliko ya zege.

Sasa twende Kyaka, maana hakuna daraja lililotufundisha zaidi kuliko lile. Mpaka wetu na Uganda ulichorwa kwa kalamu katika mapatano ya Waingereza na Wajerumani ya mwaka 1890, ukafuata mstari wa digrii 1 kusini ya Ikweta, pasipo kuujali mto. Hivyo nchi yapata kilomita za mraba 1,800, iliyo ng'ambo ya kaskazini ya mto Kagera, ikawa upande wetu wa mpaka, lakini maji yaliitenga na sehemu nyingine ya nchi. Daraja la Kyaka ndilo lililoiunga.

Mwishoni mwa Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yaliivamia nchi hiyo. Ndege zake zilijaribu kulivunja daraja kwa mabomu, zikashindwa. Ndipo tarehe 3 Novemba likavunjwa kwa baruti iliyotegwa katika mwili wake. Watu wengi wa upande wa kaskazini waliuawa, mali zao na ng'ombe wao wakachukuliwa. Katika mwezi huo huo jeshi letu liliweka njia ya muda juu ya mto, likavuka.

Madaraja ya muda yajulikanayo sana ulimwenguni ni yale aliyoyabuni Mwingereza Donald Bailey wakati wa Vita Kuu ya Pili. Kila kipande cha ubavu kina urefu wa futi 10 na uzito wa ratli 570 hivi, na watu 6 waweza kukibeba. Vipande huunganishwa kwa pini, kimoja baada ya kimoja, kisha daraja zima husukumwa toka ukingo mmoja mpaka wa pili. Kwa njia hiyo mto mkubwa waweza kuvukwa katika siku chache.

Wenzetu, vita vya Kyaka vilikuwa na mwisho. Lakini yuko adui mwingine wa madaraja asiyefanya mapatano na mtu, naye ni maji. Watu wengi hudhani daraja huanguka kwa kulemewa na lori. Hutokea, lakini katika nchi nyingi sababu kubwa zaidi ni maji kuila ardhi iliyo chini ya nguzo. Mto ukifurika, maji hugonga nguzo, huzunguka, hushuka chini na kuchimba shimo miguuni pake. Mafuriko yakipungua, mchanga hurudi ukalifunika shimo, na mpita njia huona kwamba mambo ni salama. Baada ya misimu kadhaa nguzo husimama juu ya udongo uliolegea. Katika jimbo la New York, tarehe 5 Aprili 1987, daraja la barabara kuu juu ya kijito cha Schoharie lilianguka kwa sababu hiyo hiyo, na watu 10 wakafa. Marekani haikukosa wahandisi wala fedha. Kilichokosekana ni ulinzi wa kutosha wa miguu ya nguzo, na jicho la kuitazama kwa wakati.

Ikiwa imekuwa hivyo huko, sisi je? Bukoba hupata mvua yapata milimita 2,000 kwa mwaka. Dodoma haifikii hata theluthi yake. Kanoni hupita katikati ya mji wetu kwenda ziwani. Ngono hutoka upande wa Muleba na kupita mabondeni hata kuingia Kagera. Vilima vyetu vina miteremko mikali, na maji yake huja kwa haraka pamoja na udongo, migomba na magogo. Takataka zikikwama mdomoni mwa kalavati, maji hupanda, huruka barabara, na kuikata.

Mwezi Juni 2025 lilifunguliwa daraja kubwa la Kigongo na Busisi, lenye urefu wa kilomita 3, na wasafiri wa Muleba na Bukoba waendao Mwanza kwa barabara hawangoji tena kivuko pale. Ni jambo la kushukuru. Walakini mama mjamzito atokaye kijijini kwenda hospitali ya Rubya au Ndolage hukutana kwanza na kalavati la kijiji chake. Likikatika hilo, lile kubwa halimfai kitu. Kahawa nayo hukaa ghalani, na mtoto hushindwa kufika shule.

Basi twaleta shauri moja. Tumetawanyika katika kata zote. Kila mmoja wetu huvuka daraja au kalavati akienda kazini. Kabla ya mvua za Machi, na tena kabla ya zile za Septemba, kila mwanachama na ashuke ukingoni atazame mambo matatu. Je, ardhi ya miguuni pa nguzo imeliwa, au msingi umeonekana? Je, mdomo wa kalavati umezibwa? Je, pana ufa mpya, au nondo iliyofichuka na kushika kutu? Kisha aandike barua fupi, yenye tarehe na jina la mahali, aipeleke kwa mhandisi wa barabara za wilaya, na nakala aiweke. Asipojibiwa, aandike tena akitaja tarehe ya barua ya kwanza.

Wazee walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kuzibua kalavati ni kazi ya majembe na ya asubuhi moja. Kujenga jipya hungoja makisio ya mwaka ujao, na wakati huo wote watu huvuka kwa kuloa, na wengine huchukuliwa na maji. Tunaomba shauri hili liandikwe katika kumbukumbu za mkutano, na orodha ya madaraja ya kila kata ianzwe leo, kabla hatujaagana.